Hadithi fupi moja, isomwe mara tatu: namna ya kumfikisha mwanafunzi kwenye dhamira

Mwanafunzi wa kidato cha tatu akiulizwa dhamira za hadithi aliyoimaliza sasa hivi, mara nyingi hajibu kutoka kwenye hadithi. Hujibu kutoka kwenye notsi: umaskini, rushwa, usaliti, nafasi ya mwanamke katika jamii. Maneno hayo ameyakariri siku nyingi, na yana bahati ya kuingia karibu katika kila hadithi, kwa hiyo sifuri haipati. Anaokota alama mbili tatu, mwalimu anaendelea na mada nyingine, na hadithi yenyewe haijasomwa.

Mwongozo huu unaeleza kazi moja tu, nayo ni kurudia kusoma. Mtunzi wa hadithi fupi hupanga mwanzo kwa kuutazama mwisho. Msomaji wa mara ya kwanza hana bahati hiyo. Anaipita sentensi ya kwanza kama mtu anayepita mlango wa nyumba asiyoijua mwenyewe. Dhamira huanza kuonekana anaporudi mlangoni baada ya kujua kilichotokea ndani. Mifano yote imepangwa kwa darasa la Tanga mjini lenye wanafunzi 60, vipindi viwili mfululizo vya dakika 40, ubao mmoja na nakala pungufu.

Anza na jina la kanga

Dakika tano za mwanzo zitumie kwa jambo ambalo watoto wa Pwani wanalijua bila kufundishwa. Andika ubaoni jina la kanga: "Umdhaniaye ndiye siye." Uliza maana yake. Utapata jibu moja la harakaharaka, kuhusu kukosea kumwamini mtu. Kisha toa hali tatu. Kanga hiyo kajifunga jirani asubuhi, baada ya ugomvi wa jana bombani. Kanga hiyohiyo mama kampa bintiye siku ya harusi. Kanga hiyohiyo mke kaivaa siku mumewe anarudi kutoka safari ndefu.

Darasa litaanza kubishana lenyewe, na wasichana ndio watakaoongoza. Waache dakika mbili, halafu waoneshe kwamba herufi za ubaoni hazijabadilika hata moja. Kilichobadilika ni kile wanachokijua wao wanapoisoma. Mwanafunzi akilishika hilo, hutalazimika kumweleza tena kwa nini anaambiwa asome hadithi ambayo "si tumeshaisoma, mwalimu?"

Hadithi ya kutumia

Kwa somo la kwanza usichukue hadithi ndefu. Maneno 150 hadi 600 yanatosha, yaani kitu kinachoenea karatasi moja, ili kusoma mara tatu kuwezekane ndani ya dakika 80. Tafuta hadithi yenye kitu kinachojirudia (nguo, chombo, neno la mtu), yenye mahali pamoja ambapo mambo yanageuka, na yenye mwisho usiohubiri. Ngano za Sungura na Fisi ni tamu, lakini kwa kazi hii hazifai, kwa sababu nyingi humaliza kwa funzo lililotajwa waziwazi. Mwanafunzi ataruka moja kwa moja hadi mstari wa mwisho na kuunakili.

Hii hapa imetungwa kwa ajili ya kazi hii. Aya zimepewa namba ili darasa liweze kuelekezana.

MIZANI

(1) Viatu alivyovaa Hamisi vilikuwa vipya, na vilikuwa vya Mzee Kombo. Siyo kwamba mzee aliwahi kuvivaa, alivilipia. Kila Jumamosi, duka la Barabara ya 13 lilipofunguliwa, alivitazama viatu kwanza, kisha akamtazama Hamisi usoni. "Vinakufaa," alisema. "Vinanifaa, mzee," alijibu Hamisi.

(2) Kazi ya Hamisi ilikuwa kupima sukari, mchele na unga. Chini ya sahani ya bidhaa, mahali ambapo mteja haoni, kulibandikwa kipande cha risasi, kama kile wavuvi wanachofunga kwenye mshipi. Hamisi alikiona siku ya kwanza. Mzee naye aliona kwamba Hamisi amekiona. Siku ya pili yake alimpeleka kununua viatu.

(3) "Mtoto wa watu huyu," mzee aliwaambia wateja, "nimemchukua kama wangu." Wateja waliitikia, "Mungu akuzidishie." Hamisi alifunga sukari, kimya.

(4) Jumamosi moja aliingia mdogo wake, Mwanaidi, amefumbata hela. "Mama anataka sukari nusu kilo." Mzee alikuwa barazani anakunywa kahawa. Hamisi akachota. Sahani zikalingana. Mkono wake ukabaki hewani.

(5) "Mbona hufungi?" Mwanaidi aliuliza. "Viatu vinabana," alisema Hamisi, akainama.

(6) Alipoinuka, sahani ya sukari ilikuwa imepanda. Akaongeza kijiko kimoja, na kingine, mpaka zikalingana tena. Sauti ya mzee ikaja kutoka barazani: "Umeshampimia mdogo wako?" "Nimempimia, mzee."

(7) Jioni alirudi nyumbani akichechemea. Mama alimuuliza kama viatu havimfai. Hamisi alivivua mlangoni, akakikung'uta kimoja. Kitu kizito kikaanguka sakafuni, kikabiringika hadi miguuni pa mama.

Vitu vya kuandaa

Chapa hadithi ukurasa mmoja wa A4, mistari iachane, na upande wa kulia acha pambizo ya sentimita 4. Wanafunzi wataandika humo. Nakala 30 zinatosha, moja kwa wanafunzi wawili, na ni vizuri ziwe hivyo hata kama karatasi zipo: wawili wakigombea mstari mmoja wa penseli, wanalazimika kusemezana. Penseli, siyo kalamu ya wino, kwa sababu alama nyingi zitafutwa.

Kama hakuna fotokopi, ifundishe kwa imla kipindi cha siku iliyotangulia, kila mtu aandike kwenye daftari akiruka mstari mmoja mmoja. Dakika 30 hivi zitatosha. Imla haihesabiki kuwa kusoma mara ya kwanza. Mwanafunzi anayehangaika na tahajia hafuati kisa. Kunakili ubaoni kunawezekana pia, ila chukua muda kabla ya kipindi, na andika aya ya 7 mwisho kabisa, baada ya wote kuketi, la sivyo mwisho utakuwa umeshasomwa na wa dawati la mbele.

Andaa pia henga ya nguo, nyuzi, vikombe viwili vyepesi, maharage kidogo na sarafu. Aya ya 6 inasimama juu ya mizani ya sahani mbili, na watoto wengi wamezoea mizani ya dijitali. Asiyejua kwamba ukiondoa uzito uliofichwa chini ya sahani ya sukari sahani hiyo inapanda, hadithi nzima imemponyoka, na hakuna idadi ya kurudia kusoma itakayomsaidia. Tundika henga kwenye msumari, ning'iniza kikombe kila ncha, bandika sarafu chini ya kikombe kimoja, linganisha kwa maharage, kisha ibandue sarafu. Lakini onesho hili liwe baada ya kusoma mara ya kwanza. Ukilitanguliza, umeshaitoa siri.

Mara ya kwanza: masikio tu, dakika 10

Soma wewe, kwa sauti, bila kusimama, wao wakisikiliza, penseli zikiwa chini. Usieleze neno. Usibadilishe sauti kuashiria nani mbaya nani mwema. Msomaji mwenye kipaji cha kuigiza anaweza kumfanya Mzee Kombo fisadi tangu aya ya 1, na hapo kazi ya kumgundua imekwisha kabla haijaanza.

Ukimaliza, kila mmoja aandike sentensi mbili kwenye karatasi yake mwenyewe: kilichoanguka sakafuni ni nini, na jambo gani moja hajalielewa. Neno "dhamira" lisitajwe kabisa katika hatua hii. Ukilitaja, utaona vichwa vinainama na notsi zinaanza kumwagika kutoka kumbukumbuni. Kusanya karatasi hizo; zitahitajika wiki ijayo.

Pitisha macho haraka. Watakuwepo wanaosema kilichoanguka ni sarafu au jiwe. Usiwasahihishe. Fanya onesho la henga, kaa kimya, na ngoja mmoja wao apige kelele.

Mara ya pili: penseli mkononi, dakika 20

Sasa wanasoma wenyewe, wawili wawili, kimyakimya, wakiweka alama za aina tatu. Duara kwa kinachojirudia. Mstari wa mawimbi kwa kisichopatana na kingine. Nyota pale mambo yanapogeuka. Kila jozi ina ruhusa ya maduara 5, mawimbi 3 na nyota 1, basi. Kikomo hiki ndicho kinachofanya kazi. Bila kikomo karatasi itajaa maduara hadi kwenye viunganishi, na mwanafunzi atakuwa amepamba badala ya kuchagua. Anayelazimika kufuta duara moja ili aweke jingine anapima uzito wa maneno.

Pita kati ya madawati. Maduara kwenye "viatu" yatatokea kwa wengi, kwani viatu vimo katika aya ya 1, 2, 5 na 7. "Kufaa" na "kulingana" huchelewa kuonekana. Jozi ikishaliona neno "zikalingana tena" katika aya ya 6, waulize swali moja: mara ya kwanza zilipolingana, zililingana kweli?

Kwenye mawimbi ndipo penye utajiri, kwa hiyo usiharakishe. Hamisi anasema "Vinanifaa" katika aya ya 1 na "Vinabana" katika aya ya 5. Mtu mmoja, viatu vilevile. Anamdanganya nani, mzee au mdogo wake? Jozi makini zitaona kwamba huenda ukweli wa viatu aliusema siku alipokuwa anaficha jambo jingine, yaani alisema kweli kama kisingizio. Wateja nao wanamwombea dua mtu anayewapunja, na anayejua ni mmoja tu, naye anafunga sukari kimya. Mzee anasema "kama wangu," lakini kila Jumamosi jicho lake linaanza miguuni. Ukiona jozi ina mawimbi mawili tu ya namna hii, hiyo imeshafika mbali kuliko iliyojaza ukurasa.

Nyota italeta ugomvi. Wengine wataiweka kwenye "Mkono wake ukabaki hewani," wengine kwenye "akainama." Usiamue. Kila upande useme sababu yake kwa sentensi moja. Wa kundi la kwanza wanaiona hadithi kuwa ya dhamiri, wa kundi la pili kuwa ya kitendo, na tofauti hiyo itarudi kwenye sentensi zao za dhamira bila wewe kuigusa.

Mara ya tatu: kutoka mwisho kwenda mwanzo, dakika 15

Hapa ndipo walimu wengi huishiwa muda na kuruka, na hapa ndipo somo lilipo. Afadhali upunguze dakika za kanga kuliko kuikata hatua hii.

Mwanafunzi mmoja asome aya ya 7. Mwingine asome aya ya 1 papo hapo, bila pumzi katikati. Halafu uliza: sentensi "Viatu alivyovaa Hamisi vilikuwa vipya, na vilikuwa vya Mzee Kombo" mliipitaje mara ya kwanza? Watasema waliona ni habari ya viatu. Na sasa? Sasa kuna mtu anayetembea kwa miguu ambayo si yake kabisa. Kichwa cha hadithi nacho kitageuka: mizani ilikuwa ya sukari, sasa kila kitu kinapimwa, hadi kimya cha mtoto na bei yake.

Kisha aya ya 2, sentensi kwa sentensi, mkisimama kila nukta. Alikiona siku ya kwanza. Mzee aliona kwamba ameona. Siku ya pili yake, viatu. Maneno matatu, "siku ya pili," ndiyo bawaba ya hadithi yote, na msomaji wa mara ya kwanza huyapita kama anavyopita tarehe juu ya barua. Uliza: kwa nini viatu havikununuliwa juma moja kabla? Ngoja. Ukimya wa sekunde kumi darasani ni mrefu na unachoma, lakini ukiujaza wewe, umewanyang'anya walichokuwa wanakaribia kukishika.

Kutoka neno hadi sentensi, dakika 20

Vitabu vya kiada na majibu ya mitihani huorodhesha dhamira kwa neno au fungu la maneno: uaminifu, umaskini, udanganyifu. Si kosa, lakini neno hilo ni kichwa cha hoja, bado halijasema kitu. Fundisha ngazi tatu. Kwanza mada: neno moja linalotokana na maduara na mawimbi, mathalani fadhila. Pili swali: hadithi hii inasema nini kuhusu fadhila? Tatu jibu kwa sentensi kamili, na hiyo ndiyo dhamira: Fadhila ya mwenye nguvu huweza kugeuka kufuli mdomoni mwa anayeipokea.

Ujumbe ni kitu kingine. Ujumbe humwambia msomaji afanye nini ("Tusikubali kununuliwa"), dhamira huonesha maisha yalivyo ndani ya hadithi. Mwanafunzi anayechanganya haya mawili utamtambua kwa "tu-" au "-pasa" katika sentensi yake. Mwambie aifute amri, abakize wazo.

Kila sentensi ipitishwe kwenye maswali matatu kabla ya kukubaliwa. Je, ina ushahidi katika aya zisizopungua tatu, mojawapo ya mwanzo na mojawapo ya mwisho? Je, ikiondolewa majina ya Hamisi na Mzee Kombo, bado inasimama? Na je, ipo aya inayoipinga?

Maswali haya huwaumiza, na hapo ndipo uzuri wake. Chukua "Uaminifu hulipa," ambayo lazima itajitokeza. Aya gani inaonesha malipo? Hakuna, hadithi inakata kitu kikiwa miguuni pa mama, na Jumamosi ijayo hatuijui. Sentensi inaanguka. "Umaskini"? Sukari nusu kilo na viatu vya kulipiwa vinaugusa, lakini mizani, dua za wateja na macho ya mzee vinabaki nje. Ni mandhari ya kisa, si moyo wake. Wachache watakuja na jambo gumu zaidi: kwamba Hamisi alivumilia risasi ile kwa wateja wote, akaitoa siku mteja alipokuwa wa nyumbani kwao. "Dhuluma humwuma mtu inapobisha hodi kwake." Usiwavunje moyo kwa kutaka Hamisi awe shujaa. Sentensi hiyo inapita maswali yote matatu, na hadithi moja ina haki ya kubeba dhamira zaidi ya moja.

Tahadhari na methali. Wanafunzi wa Tanga ni wepesi wa methali, na wepesi huo unaweza kuifunika hadithi kama kawa. Mtu atasema "Za mwizi arobaini" na kuketi ameridhika. Usiikatae methali, iulize imetoka kinywani mwa nani. Akitokea wa kusema "Mfadhili mbuzi, binadamu ana maudhi," furahi, kisha uliza ni nani katika hadithi hii angeisema. Mzee Kombo, bila shaka, Jumamosi ijayo. Hapo darasa litaona kwamba methali ni sauti ya anayetoa, na kwamba hadithi imesimama upande wa pili ikiijibu. Ni mahali pachache ambapo fasihi simulizi na hadithi fupi hukutana hadharani namna hii.

Kuipeleka kwenye karatasi ya mtihani

Msahihishaji anataka hoja na mifano, na usomaji wa namna hii unatoa vyote viwili ukipangwa. Aya ya jibu iwe na kichwa cha dhamira, sentensi ya dhamira, ushahidi kutoka sehemu mbili za hadithi zilizo mbalimbali, na sentensi inayoeleza ushahidi huo unathibitishaje. Kwa mfano:

Fadhila inayofunga mdomo. Hadithi inaonesha kwamba fadhila ya mwenye nguvu huweza kuwa njia ya kumnyamazisha anayeipokea. Mzee Kombo anamnunulia Hamisi viatu siku moja tu baada ya kijana huyo kuiona risasi chini ya sahani, na tangu hapo Hamisi anafunga sukari "kimya" huku wateja wakimwombea mzee dua. Mwishoni anaitoa risasi na kuitia ndani ya kiatu kilekile, akarudi nyumbani akichechemea. Zawadi na siri vimewekwa mahali pamoja, na vyote viwili vinamuumiza mguu.

Sentensi ya mwisho ndiyo wanafunzi huisahau. Huishia kwenye ushahidi wakidhani umejieleza. Wape kianzio: "Hii inaonesha..." kwa wiki mbili za mwanzo, kisha kiondoe, maana kikikaa muda mrefu kitakuwa mkongojo mwingine.

Yanayoharibika, na sababu zake

Ushahidi ukigeuka muhtasari, yaani mwanafunzi akasimulia hadithi yote kuanzia viatu hadi sakafu, tatizo huanzia kwenye alama: aliweka maduara bila mawimbi. Kurudia-rudia kwa kitu huzaa orodha, kutopatana huzaa hoja. Mrudishe kwenye mara ya pili, mawimbi peke yake.

Darasa zima likija na sentensi moja, sababu huwa ni wewe. Umetabasamu kwa jibu fulani, au umeandika la mmoja ubaoni kabla wengine hawajamaliza. Andika ubaoni sentensi tano au sita kwa mpigo, bila majina, zikiwemo mbili dhaifu, na maswali matatu yafanye kazi ya kuchuja.

Wanaosema wamemaliza baada ya dakika tatu mara nyingi hawakurudia kusoma, wamekumbuka. Wape kazi isiyofanyika kwa kumbukumbu: wahesabu Hamisi anazungumza mara ngapi na kila mara anasema maneno mangapi. Watagundua kwamba anazungumza mara tatu tu katika hadithi nzima, kila mara maneno mawili, na mara mbili kati ya hizo neno la pili ni "mzee." Hilo haliwezi kujulikana bila kurudi ukurasani.

Wakati mwingine darasa hupotelea kwenye kubishana duka la Barabara ya 13 ni lipi, hasa watoto wa Ngamiani, mtaa wenye barabara hizo za namba. Waambie duka hilo halipo, na mtunzi alihitaji mtaa tu. Kwa waliotoka Lushoto au Handeni jina la mtaa halina uzito wowote, jambo linaloonesha vizuri mandhari inavyofanya kazi tofauti kwa wasomaji tofauti, lakini liweke kiporo kwa somo la fani.

Hadithi ikiwa ndefu

Hadithi nyingi zilizo kwenye mikusanyiko zina kurasa nyingi, na hakuna ratiba itakayokupa nafasi ya kuzisoma nzima mara tatu. Isomwe nzima mara moja, nyumbani au wakati wa prepo, yaani saa za kujisomea. Mara ya pili, kurasa tatu tu: ya kwanza, ile yenye mgeuko, na ya mwisho, alama zikiwa zilezile na kikomo kilekile. Ukurasa wa mgeuko usiwatajie. Kila kundi la watu wanne lichague lake na lijitetee. Mara ya tatu, aya ya mwisho na aya ya kwanza, zikifuatana. Hadithi moja kwa wiki mbili ni mwendo mzuri. Darasa lililozisoma nne kwa njia hii huingia kwenye riwaya likiwa na mazoea ya kugeuza kurasa kurudi nyuma, na huko ndiko kazi inakuwa kubwa zaidi, kwa sababu mwanzo na mwisho vimetenganishwa na sura nyingi.

Wiki inayofuata rudisha zile karatasi za sentensi mbili, pamoja na nakala safi ya "Mizani" isiyo na alama yoyote. Wasome peke yao dakika tano, kisha chini ya maandishi yao ya kwanza waandike sentensi moja ya dhamira na namba za aya tatu zinazoithibitisha. Sahihisha kwa alama 10: 3 kwa sentensi iliyo kamili na isiyo amri, 3 kwa aya zinazoithibitisha kweli, na 4 kwa jinsi ilivyojibu lile jambo ambalo mwenyewe, juu ya karatasi hiyohiyo, aliandika kwamba hajalielewa.